Kwa nini simu ya setilaiti haitumii nguvu zake zote baharini

“Mimi ni nahodha wa chombo cha uvuvi, kwetu Kojani, Pemba. Msimu wa kaskazi tunakwenda dago mbali na nyumbani, na siku nyingine tunavua nje upande wa mashariki ambako simu ya kawaida haishiki. Kwa ajili ya usalama nimenunua simu ya mkononi ya setilaiti, iliyokwishatumika. Nikiwa pwani inafanya kazi vizuri. Baharini vijistari vya mtandao naviona vimejaa, lakini niliyempigia ananiambia sauti yangu inakatika, na mara nyingine mazungumzo yanakufa yenyewe baada ya dakika chache. Nikizungumza ndani ya kibanda cha chombo, betri inakwisha upesi na simu inapata moto. Usiku sauti hukwaruza hata bahari ikiwa shwari. Fundi mmoja wa mjini ameniambia kampuni zimezifunga nguvu simu hizi makusudi, na kwamba anaweza kuifungua irushe nguvu zote, au aniuzie busta ya kufunga mlingotini. Je, maneno yake ni kweli? Na nguvu zikiwa nyingi hazina madhara kichwani?”

Nahodha, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na ninavyolielewa mimi, chini ya habari za betri na vijistari kuna jambo moja unalolitaka: uwe na yakini kwamba siku utakayohitaji kusikika, utasikika. Hiyo ni haki yako na ni haki ya mabaharia unaowachukua, kwa hiyo natanguliza jibu kabla ya maelezo. Simu yako haikufungwa nguvu na mtu yeyote kwa sababu ya biashara. Ni kweli kwamba mara nyingi hairushi nguvu zake zote, lakini kiasi inachorusha hupangwa upya kila wakati kati yake na mtandao, na mpango huo ndio unaowezesha simu ndogo ya mkononi kuzungumza na setilaiti iliyoko mamia au maelfu ya kilomita angani. Busta ya fundi, yaani kifaa cha kukuza wimbi, haitakupa unachokitafuta, na inaweza kukunyima ulicho nacho. Yanayokukatia sauti yana tiba, na sehemu kubwa ya tiba hiyo haina gharama.

Tuanze na umbali, maana habari yote ya nguvu inatokana nao. Hukutaja simu yako ni ya mtandao gani, nami ningependa kujua, kwa sababu tofauti ni kubwa. Setilaiti za Iridium, ambazo mtandao wake umepangwa kwa setilaiti 66, huzunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 780, na kila moja hukupitia kwa muda usiozidi dakika kumi hivi kabla ya kuzama upande wa pili. Setilaiti za Thuraya na Inmarsat hukaa juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita 35,786, na kwa kuwa huzunguka sambamba na dunia, wewe uliye chini huziona kama zimesimama mahali pamoja. Mawimbi ya redio hutawanyika kadiri yanavyosafiri, na umbali ukizidi mara mbili, nguvu inayofika hupungua mara nne. Kwa hesabu hiyo, wimbi linalokwenda kwenye setilaiti iliyosimama hufika likiwa dhaifu zaidi ya mara 2,000 kuliko wimbi kama hilo linalokwenda kwenye setilaiti ya Iridium iliyo utosini. Ndiyo maana setilaiti za Thuraya zilijengwa na antena inayokunjuka angani hadi upana wa mita 12.25, ili iweze kukusanya wimbi hafifu linalotoka kwenye simu ya mkononi.

Sisi wahandisi hatuhesabu hasara hizi kwa mara elfu na mara milioni, bali kwa desibeli, na nakuomba uvumilie kipimo hiki kwa sababu nitakirudia. Desibeli 3 ni nguvu kuzidi au kupungua mara mbili. Desibeli 10 ni mara kumi. Desibeli 20 ni mara mia. Ukizijua hizo tatu, unaweza kufuata kila hesabu inayokuja.

Sasa, hata ndani ya mtandao mmoja hasara ya njiani haitulii. Setilaiti ya Iridium ikiwa utosini iko kilomita 780 kutoka kwako, lakini inapoinama karibu na upeo wa macho umbali hufikia takriban kilomita 2,400. Hiyo peke yake ni tofauti ya karibu desibeli 10, yaani nguvu ileile uliyorusha hufika ikiwa sehemu moja ya kumi ya ilivyokuwa dakika chache kabla. Juu yake ongeza kivuli cha mlingoti, kichwa chako mwenyewe, paa la kibanda na mwangwi wa maji. Kama simu ingerusha kiasi kimoja wakati wote, ingebidi kiasi hicho kitoshe kwa hali mbaya kuliko zote, na muda uliobaki ungekuwa unapoteza nguvu mara kumi au mara mia bila sababu.

Fundi atauliza, nguvu ikizidi ina ubaya gani? Ubaya wa kwanza unawapata wenzako. Iko mitandao, na Globalstar ni mmoja wao, ambamo watu wengi huzungumza kwa wakati mmoja katika masafa yaleyale ya redio, na mtandao huwatenganisha kwa alama za siri zilizochanganywa na sauti ya kila mmoja. Hali hiyo ni kama barza yenye watu kumi wanaozungumza na mzee mmoja: kila mtu akisema kwa sauti ya kadiri, mzee anaweza kumfuata anayemtaka, lakini mmoja akipiga kelele tisa waliobaki wamepotea, hata wale waliokaa karibu naye. Katika Iridium, Thuraya na Inmarsat mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu kila mzungumzaji hupewa kipande chake cha masafa na zamu yake ya muda. Hata hivyo setilaiti hugawa eneo lake katika miale mingi, Iridium ikiwa na miale 48 kwa kila setilaiti, na masafa yaleyale hutumika tena katika miale mingine isiyo mbali. Anayezidisha nguvu katika mwale mmoja hummwagia kelele mtu wa mwale mwingine asiyemwona wala kumjua.

Ubaya wa pili uko angani. Setilaiti haina nguvu nyingine isipokuwa ya jua inayokusanywa na mabamba yake, na ya betri inapopita kwenye kivuli cha dunia. Nguvu hiyo ni mali ya pamoja. Kila mzungumzaji aliyejificha mahali pabaya huilazimisha setilaiti imkatie fungu kubwa zaidi, na wengine hubaki na dogo. Kwa hiyo udhibiti wa nguvu hufanyika pande zote mbili: simu huamriwa ipunguze au iongeze, na setilaiti nayo hupunguza au kuongeza kile inachokupelekea. Ubaya wa tatu unauona mwenyewe, nao ni betri.

Amri yenyewe hutolewaje? Kuna njia mbili, na mitandao huzichanganya. Njia ya kwanza ni simu kujikadiria. Inasikiliza wimbi linaloshuka kutoka kwenye setilaiti, ambalo nguvu zake za asili zinajulikana, na kwa kuona limefika likiwa hafifu kiasi gani hukisia hasara ya njia, kisha hupanga nguvu ya kurusha kulingana na hasara hiyo. Njia hii ni ya haraka, lakini ni ya kukisia, na ukweli wake unategemea njia ya kupanda ifanane na njia ya kushuka. Iridium hutumia masafa yaleyale, kati ya megahezi 1,616 na 1,626.5, kwa kupanda na kushuka kwa zamu, hivyo makisio huwa karibu na ukweli. Thuraya na Inmarsat hutumia masafa mawili tofauti, la kushuka likiwa kati ya megahezi 1,525 na 1,559 na la kupanda kuanzia 1,626.5 hadi 1,660.5. Kivuli cha mti au cha kibanda huyapunguza yote mawili karibu sawa, lakini mwangwi wa maji unaweza kuliua moja na kuliacha jingine salama.

Njia ya pili ni upande wa pili kupima na kuamuru. Mtandao hupima wimbi lako linavyofika na makosa mangapi yamo ndani yake, ukalinganisha na kiwango kinachotakiwa, kisha ukakurudishia amri: ongeza hatua moja, punguza hatua moja, au baki ulipo. Hii ndiyo njia ya yakini, lakini ina kasoro ambayo hakuna fundi wala kampuni inayoweza kuiondoa, nayo ni muda. Simu ya kawaida ya kizazi cha tatu, inayozungumza na mnara wa jirani, hupokea amri za nguvu mara 1,500 kwa sekunde. Kwa setilaiti iliyosimama, kipimo kikifanyika kwenye kituo cha ardhini, wimbi lako lipande, lishuke kituoni, amri ipande tena na kushuka kwako, jumla ni safari nne za karibu kilomita 36,000 kila moja, na hata kwa kasi ya mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde. Chombo kikibingirika polepole kwa wimbi kubwa la kusi, nusu sekunde inatosha kufuata. Lakini kamba ya mlingoti ikipita mbele ya antena, au mwangwi wa maji ukizima wimbi kwa sehemu ndogo ya sekunde, amri huwasili wakati tatizo limekwishapita, na pengine hukuta tatizo jingine lililo kinyume chake. Kwa misukosuko ya haraka namna hiyo mtandao hautegemei amri. Unategemea akiba ya nguvu iliyowekwa juu ya kiwango cha lazima, pamoja na namna ya kuzitawanya na kuzirudia taarifa za sauti ili kipande kilichopotea kiweze kujengwa upya. Akiba hiyo ni ya desibeli chache. Ukiimaliza kwa kukaa mahali pabaya, hakuna kinachobaki kwa ajili ya bahari.

Sasa vijistari vyako. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, na si kosa lao. Vijistari hupima kile ambacho simu yako inakisikia, wala havipimi kile ambacho setilaiti inakisikia kutoka kwako. Aghalabu hupima wimbi la matangazo, ambalo hurushwa kwa nguvu zaidi kuliko wimbi la mazungumzo, ili simu iweze kuitwa hata ikiwa mahali pasipofaa kuzungumzia. Thuraya, kwa mfano, huweza kuiarifu simu iliyo ndani ya nyumba kwamba inaitwa, lakini mwenyewe hulazimika kutoka nje ndipo apokee. Kwa hiyo inawezekana kabisa ukaona vijistari vyote na mtu wa upande wa pili asikusikie: simu imekwishapandishwa hadi mwisho wa uwezo wake, na wimbi lako bado halitoshi. Ukiambiwa “sauti yako inakatika” huku wewe ukimsikia mwenzako vizuri, hilo ndilo linalotokea.

Mazungumzo yanayokufa baada ya dakika chache huenda yakawa na sababu nyingine kabisa. Kama ni Iridium, setilaiti inayokuhudumia huzama na kukukabidhi kwa nyingine, na kabla ya hapo hukuhamisha kutoka mwale mmoja hadi mwingine kila baada ya dakika moja hivi. Makabidhiano yanahitaji simu iione setilaiti mpya, ambayo mara nyingi inachomoza chini karibu na upeo. Hapa kwetu jambo hili ni zito kuliko lilivyo kwa watu wa nchi za baridi, kwa sababu njia sita za setilaiti hizo hukutana karibu na ncha za dunia na huachana mbali zaidi kwenye ikweta. Pemba iko takriban nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, na kwa hiyo mara nyingi setilaiti pekee unayoweza kuipata imeinama upande wa mashariki au wa magharibi. Ukiegemea kibanda upande mmoja, umeifunga nusu ya anga, na setilaiti inayokuja kukupokea iko katika nusu hiyo. Kwa Thuraya au Inmarsat hali ni kinyume: kwa kuwa setilaiti hizo ziko juu ya ikweta, zile zinazoihudumia sehemu yetu ya dunia huonekana kutoka Pemba zikiwa juu sana, nyingine karibu na utosi, na mlingoti au mikarafuu ya pembeni haikusumbui sana mradi juu yako pako wazi.

Kuhusu kibanda, betri na moto, mambo hayo matatu ni jambo moja. Paa la mbao lililolowa maji hula desibeli kadhaa, paa la bati huzima karibu kila kitu isipokuwa kinachopenya madirishani, na kichwa na kiganja chako hula desibeli nyingine, hasa ukiifumbata antena. Mtandao unapoona wimbi lako limedhoofika huiamuru simu ipande, ikapanda hadi mwisho. Simu ya Iridium hurusha kwa mafungu, fungu moja la takriban milisekunde 8 katika kila milisekunde 90, na nguvu ndani ya fungu huweza kufika wati 7 ingawa wastani wake ni kama wati 0.6. Ikiamriwa ibaki kwenye kilele hicho, betri huisha na kifaa cha kukuza nguvu ndani ya simu hupata moto. Simu yako haikuwa mbovu kwa kufanya hivyo, ilikuwa inatii. Toka nje, simama mahali ambapo anga inaonekana pande zote, ikunjue antena yote na uielekeze juu badala ya kuilaza kwa pembeni, na umeirudishia simu desibeli 10 au zaidi bila kununua kitu. Mtandao utaona wimbi limezidi, utaiamuru ishuke, na betri itakaa.

Mwangwi wa maji unahitaji neno lake. Bahari ni kioo kizuri cha mawimbi ya redio, na setilaiti ikiwa chini, wimbi linalokuja moja kwa moja na lile lililogonga maji hufika kwako karibu pamoja, yakasaidiana au yakauana. Mawimbi ya mitandao hii hurushwa yakiwa yanajizungusha upande mmoja kama parafujo, na maji huyageuza mzunguko, hivyo antena nzuri hulikataa lile lililogeuzwa. Lakini setilaiti ikiinama sana kinga hiyo hudhoofika. Ndiyo maana mazungumzo yaleyale yanayokwama setilaiti ikiwa upeoni hutulia yenyewe baada ya dakika tatu au nne ikipanda. Usikate tamaa kwa jaribio la kwanza.

Mkwaruzo wa usiku bahari ikiwa shwari nao hautoki kwenye simu. Juu ya hewa tunayovuta kuna tabaka lenye chembe za umeme zilizotengenezwa na jua, na katika ukanda wa joto tabaka hilo huvurugika baada ya jua kuzama hadi karibu na usiku wa manane, zaidi katika miezi iliyo karibu na Machi na Septemba, na zaidi katika miaka ambayo jua lenyewe limechafuka. Wimbi linalopita humo humetameta, likipanda na kushuka upesi kuliko amri ya nguvu inavyoweza kufuata. Dawa ni kusubiri au kutuma ujumbe mfupi wa maandishi, ambao mtandao huweza kuurudia hadi ufike. Mvua, kwa upande mwingine, usiitilie shaka: kwa masafa ya simu yako hata masika hayali kitu cha kuhesabika. Wanaosumbuliwa na mvua ni wenye madishi ya televisheni na ya intaneti, ambayo hutumia masafa ya juu karibu mara saba au nane ya yako.

Narudi kwa busta. Tuseme fundi ameifunga mlingotini na inakuza wimbi lako mara kumi. Mtandao utapima, utaona wimbi limezidi desibeli 10, utaiamuru simu ishuke desibeli 10, na mtabaki palepale mlipokuwa. Ikiwa simu imekwishafika chini ya ngazi zake na haiwezi kushuka tena, kinachozidi kitakuwa kelele kwa wengine. Kitakachobaki kwako ni kelele ambayo busta yenyewe huizalisha, kwa maana kifaa kinachokuza sauti hukuza na uchafu wote ulio pamoja nayo na kuongeza wake. Tena liko jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Jipiesi (GPS) yako husikiliza megahezi 1,575.42, jirani kabisa na masafa ya simu, na wimbi inalolisikiliza ni hafifu mno. Busta isiyochujwa vizuri, iliyofungwa mlingoti mmoja na jipiesi, inaweza kuipofusha, ukakosa kujua miamba iko wapi usiku. Na kumfungulia fundi programu ya simu akuongezee nguvu ni hatari vilevile, kwa sababu kiwango cha juu kimewekwa kulingana na uwezo wa vifaa vya ndani. Ukikivuka, wimbi hupotoka, na wimbi lililopotoka halisomeki hata likiwa na nguvu. Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010, ambayo ni ya Muungano na inatuhusu sisi wa visiwani pia, inataka vifaa vya kurusha mawimbi viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Simu iliyotumika kama yako ni vyema uipeleke ofisi yao ya Zanzibar uhakikishe hali yake kabla ya safari.

Kama unataka kutumia fedha, kitu kinachostahili ni antena ya nje iliyotengenezwa kwa ajili ya simu yako hiyohiyo, pamoja na kishikio chake. Nakuonya tu juu ya kebo, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupoteza walichokinunua. Kebo nyembamba ya bei rahisi yenye urefu wa mita 10 hula zaidi ya desibeli 6 kwa masafa haya, maana yake hata robo ya nguvu haifiki juu. Kebo nene ya hasara ndogo, kwa urefu huohuo, hula karibu desibeli 2. Nunua kebo nene, ifanye fupi kadiri inavyowezekana, na vifungo vyake vizibwe vizuri, kwani maji ya chumvi yakiingia humo kebo mpya huwa bure ndani ya msimu mmoja. Ukishaifunga, unaweza kuzungumza ukiwa kibandani bila tabu. Kubadilisha mtandao nisingekushauri upesi. Setilaiti iliyosimama ina faida ya kuwa juu sana hapa kwetu, na ile inayopita ina faida kwamba kivuli kinachokuzuia sasa hakitakuzuia baada ya dakika tano. Kwa chombo kinachogeuka na kuyumba mimi naegemea ile inayopita, ingawa najua mabaharia wazoefu wasiokubaliana nami.

Kichwa chako kiko salama na simu iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani. Simu hizi hupimwa joto linaloingia mwilini kabla ya kuuzwa. Kikomo cha Ulaya ni wati 2 kwa kilo, kikipimwa katika gramu 10 za mwili, na cha Marekani ni wati 1.6 katika gramu 1. Simu iliyofunguliwa nguvu haiko tena ndani ya kipimo hicho, na hiyo ni sababu nyingine ya kumkatalia fundi. Ukizungumza mahali pa wazi simu hurusha kidogo, na kinachofika kichwani hupungua pia.

Lililobaki ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Usiifanye simu hii kuwa njia yako pekee ya kuomba msaada. Simu inahitaji mkono wa kuishika, betri yenye chaji, na mazungumzo ya pande mbili ambayo nimekueleza jinsi yanavyoweza kukatika. Boya la dharura la megahezi 406, linalofanya kazi kupitia mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat, lilibuniwa kwa fikra iliyo kinyume: halina amri ya nguvu wala halisubiri jibu. Hurusha wati 5 kwa nusu sekunde, kila baada ya sekunde 50 hivi, kwa saa 48 au zaidi, likielea peke yake hata chombo kikiwa kimekwishazama. Lisajiliwe kwa jina la chombo na namba ya mtu wa nchi kavu atakayeipokea simu usiku. Waulize Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar utaratibu wake. Redio ya VHF kwenye chaneli 16 nayo iwepo, kwa sababu anayekufikia kwanza mara nyingi ni chombo kilicho jirani.

Utajuaje kwamba tatizo lako limepita kiasi cha ushauri wa maandishi? Fanya jaribio nchi kavu kwanza. Simama ufukweni mahali pasipo minazi wala nyumba, betri ikiwa imejaa, antena imesimama, upige simu mchana kwa nyakati tofauti za siku. Ikiwa hata hapo sauti yako inakatika kwa mwenzako huku wewe ukimsikia, kasoro iko ndani ya simu, uwezekano mkubwa kwenye antena au kwenye kifaa cha kukuza nguvu, na simu iliyotumika baharini mara nyingi huwa imeota kijani kwenye vifungo vya shaba. Mpelekee mtu mwenye kipimo cha nguvu na cha wimbi linalorudi kutoka kwenye antena, wala usimpelekee mtu mwenye bisibisi tu, na umwombe akuonyeshe namba alizozipata kabla na baada ya kutengeneza. Betri iliyovimba, au simu inayopata moto hata ikiwa haizungumzi, izime na usiichaji tena chomboni, uende nayo kwa fundi ikiwa mbali na mafuta. Na ukienda, chukua pamoja na simu chaja unayoitumia chomboni, kebo yote na kishikio, kwa sababu kosa likiwa kwenye umeme wa chombo au kwenye kifungo cha kebo, simu peke yake mezani kwa fundi itaonekana nzima.